Tangazo la Baada ya Rozari Lililoua Simu Yangu

Jumatano, 14 Mei 2025. Asubuhi ya ukungu na manyunyu hapa Kigonsera. Kahawa yote iliyoanikwa imefunikwa turubai.

Simu yangu iliamka ya moto kama jiko, na bubu.

Nina miaka arobaini na nne, nasoma masomo ya jioni. Msimu wa kuchuma kahawa nikikosa kipindi, Mwalimu Flavia hunirekodia somo kwa sauti. Yote yalikuwa humo.

Mtihani ni keshokutwa. Ee Mungu wangu!

Kilichoiua ni sasisho.

Jumapili baada ya rozari, Meshack, fundi simu na katibu wa jumuiya yetu, alisimama kwenye matangazo.

"Simu za zamani zisasishwe leo. La sivyo zitafungwa."

Kwetu, tangazo la baada ya rozari ni kama limetoka kwa paroko. Tukaitikia Amina, tukabonyeza. Yangu ilijikongoja siku tatu, leo ikazima.

Nikamfuata dukani.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama Aidan."

"Milele amina. Simu imekufa."

Aliigeuza mara moja tu. "Hii marehemu, mama. Ya zamani haibebi mfumo mpya. Niachie nitoe vipuri, nikupe hela ya soda, ukatafute mpya."

Chini ya meza kulikuwa na beseni. Limejaa simu za wanajumuiya. Niliitambua hata ya bibi Kunigunda, yenye kijirozari.

Mara mfukoni mwake ikalia simu. Akaitoa.

Aina ileile kama yangu! Nzima kabisa.

"Na yako mbona haijafa?"

"Mimi sijasasisha," akaropoka.

Mikono hiyohiyo ndiyo inayotushikia rozari!

Mzee Melkior wa jumuiya yetu, aliyekuwa kwenye benchi, akatema mate nje. "Kumbe unatuchinjia mbuzi wetu, halafu unanunua nyama kwa bei ya kutupa! Mpe mama simu yako. Sasa hivi."

Meshack, jasho likimtoka, akahamishia memori kadi yangu kwenye simu yake.

"Somo la tatu," sauti ya Mwalimu Flavia ikajaa dukani, "mmomonyoko wa udongo..."

Nilipiga ishara ya msalaba. Nikaondoka nayo. Yangu ikabaki kwenye beseni.

Jioni, rozari ilipoisha, Meshack hakusimama kwenye matangazo. Nikasimama mimi.

"Sala zenu nitaziitikia mpaka nife. Lakini naahidi mbele yenu, na Meshack akisikia: tangazo la biashara siliitikii Amina tena kabla sijauliza, 'Na wewe mwenyewe umefanya?'"