Kuku wa Mukaka na Asubuhi ya Egzame

Nguruuu. Nakumbuka mlio ule hadi leo, maana ulitoka tumboni mwangu mwenyewe, siku ya mtihani wa majaribio, darasa lote limenyamaza. Mwalimu aliinua kichwa akatazama dirishani, akidhani ni lori linapanda kilima. Nyuma yangu rafiki yangu Masika alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtetemeka. Mimi pia ningecheka, mwanangu, lakini nilikuwa nasoma swali moja la historia tena na tena, na kila nikifika mwisho wake, mwanzo umeshanitoka.

Nakuita mwanangu, na bado sijaota mvi. Lakini hapa Butembo watoto wa kaka zangu wananiita tantine, na mwaka huu mmoja wao yuko darasa la mwisho, donc niruhusu nijifanye mzee kidogo.

Sisi tuliokuwa tunangojea egzame ya Serikali, ule mtihani wa kumaliza sekondari, tulikuwa na desturi yetu. Tulifunga. Asubuhi tulikutana kanisani kuombea kalamu zetu, kisha hakuna kula mpaka jioni. Aliyekula tulimwona hana bidii. Na yai ndilo usilitaje kabisa. Yai ni duara, duara ni ziro. Ukilila, ziro itakufuata mpaka kwenye karatasi. Tuliamini hayo sisi tuliosoma kemia.

Matokeo ya majaribio yalirudi mabaya. Nilikuwa naota kuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale wanaolia siku ya kwanza na kushika sketi ya mama. Nikianguka, ndoto ingeishia hapo, kwa sababu mdogo wangu naye alikuwa anangoja zamu yake ya shule, na baba asingeweza kunirudisha darasani.

Ndipo akafika Mukaka, mama wa baba yangu, kutoka Kipese, juu ya lori la viazi. Kikapo mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, na kuku mwekundu mikononi. Aliniangalia kabla hata ya kutua mzigo.

“Kahindo, uko mugonjwa?”

“Hapana, Mukaka. Niko nafunga juu ya egzame.”

“Aa. Na Mungu ndiye alikuambia ujibu na tumbo ya bule?”

Mama akacheka jikoni. Mimi nilinuna.

Kesho yake kuku yule alitaga, na siku zilizofuata akaendelea, kama aliyekuwa ametumwa. Mukaka akachemsha yai, akaniwekea mbele.

“Mukaka, lakini yai ni ziro.”

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. Kisha akajifuta macho.

“Wakati nilikuwa musichana, batu walituambia binti akikula yai hatazaa. Baba yetu na bandugu zetu wanaume ndio walikulaka. Miye nilikuwa naokota tu, natia mu kikapo, sijui hata utamu yake. Ya kwanza nilikula nimejificha nyuma ya nyumba, na baba yako tayari iko mugongoni. Sasa ninyi hakuna mutu anawakataza, munajikataza wenyewe? Hii yai iliwakosea nini?”

Nikala. Nakwambia, nilikula nikimwona yeye msichana, na kikapo chake kimejaa mayai ya watu wengine.

Tangu hapo Mukaka akashika sufuria za nyumba ile. Asubuhi uji wa mahindi na soya. Mchana maharagi, au sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo, na avoka pembeni. Kahawa juu ya tumbo tupu alikataa, na taa alizima mapema. Kanisani niliendelea kwenda. Niliomba nikiwa nimekula, na sikusikia mbingu ikinung'unika. Masika akanikuta na yai mkononi.

“Kahindo, unakula ziro?”

“Nakula. Unataka nusu?”

Akaangalia huku na huku, akaipokea. “Nikianguka, ni weye.”

Sitaki kukudanganya, mwanangu. Yai halikunifundisha historia, niliisoma mimi. Lakini siku ya egzame yenyewe nilisoma swali mara moja, likakaa. Tumbo langu lilitulia kama mtoto aliyenyonya. Na jina langu lilipotoka kati ya waliofaulu, pamoja na la Masika, nyumba yote ilipiga kelele, nikamwagiwa poda kichwani, kama kwetu anavyofanyiwa kila aliyefaulu, mpaka kope zikawa nyeupe.

Donc nasaha yangu ni hii. Usiende kwenye egzame na njaa ukidhani ndiyo bidii. Kula asubuhi, kidogo lakini chakula cha kweli, si mikate ya mafuta na sukari peke yake. Yai likiwepo, kula. Lisipokuwepo, karanga au maharagi ya jana yanatosha. Kunywa maji. Lala. Ukitaka kufunga kwa ajili ya Mungu, funga baada ya mtihani, kwa kumshukuru. Na mwenzako akikosa, mpe nusu.

Mungu akupe kichwa chepesi na mkono usiotetemeka. Akupe mtu wa kukuchemshia uji, na siku moja akupe wewe mtu wa kumchemshia.

Jambo moja sijamwambia mtu. Siku ile ya poda, Mukaka alikuwa amesharudi Kipese, na kuku wake alibaki kwetu. Watu walipoingia ndani kula, nilichukua kopo la poda nikazunguka nyuma ya jiko. Kuku alikuwa amelala kwenye majani yake, ananiangalia kwa jicho moja. Nikatikisa kopo mpaka poda ikaisha, nikampaka mgongo wote.