Bafu Nililolifunga Kama Chombo cha Maziwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijafifia kichwani mwangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tatu, nimeolewa mwaka mmoja tu, na nilikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wa mume wangu kuwa na bafu la simiti. Mume wangu Jarso, ambaye ni fundi wa mawe, alilijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba yetu hapa mtaa wa Bulla Pesa. Lilikuwa dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, lakini lilikuwa na sakafu laini, bomba la kutoa maji machafu, na kidirisha juu cha kuingiza hewa. Mimi nililiona kubwa kuliko boma la baba yangu.

Shida ilikuwa maji. Maji yetu ya kisima hapa Isiolo yana chumvi. Yakikauka sakafuni yanaacha ukoko mweupe, na ukoko ukikaa unageuka njano, na mgeni akiingia anadhani mwenye nyumba ni mvivu. Nilisugua kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka. Ukoko ulibaki palepale.

Ndipo tukapata habari kwamba mama mkwe anakuja kutoka Merti na lori la mifugo, kutibiwa kifua. Tulimwita Aayo, yaani mama, hata watu wasio wake walimwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Walisema akinusa chombo cha maziwa anajua kimeoshwa na msichana gani, na siku hiyo msichana huyo alikuwa na raha gani au hasira gani. Nilikuwa nimekutana naye siku ya harusi tu. Nilimwogopa, sitakuficha. Nilitaka aingie ndani ya bafu lile, atoke, aseme kwamba mwanawe ameoa vizuri.

Nikaenda dukani nikanunua chupa mbili za ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. Mama Kendi, jirani yangu Mmeru aliyeuza ndimu sokoni, alikuwa ameniambia kwamba ndimu inakula ukoko wa maji ya chumvi, na hapo alisema kweli. Ila hakuniambia nichanganye. Hilo nililibuni mwenyewe. Nilijiambia kwamba kama hii ni nzuri na ile ni nzuri, zikiwa pamoja zitakuwa nzuri mara mbili. Nikamwaga dawa sakafu nzima, kisha nikakamulia ndimu beseni zima na kumwaga juu yake.

Sasa sikiliza nilichofanya baadaye, kwa sababu kosa hili lingeweza kufanywa na mtu wa kwetu sisi Waborana tu. Kwetu chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Unachoma vijiti vya mti maalum, unavisugua ndani ya chombo vikiwa bado na moto, kisha unafunga kifuniko na kuuacha moshi uingie mwilini mwa chombo. Ukifungua mapema, wanawake wakubwa watakuambia umefanya kazi nusu. Nilikua nikifanya kazi hiyo kila siku. Kwa hiyo nilipoona harufu ya ile dawa inanichoma pua, sikuogopa. Nilifurahi. Nilichukua kitambaa nikaziba kidirisha, nikafunga mlango, nikasema, acha ukuta unywe.

Nilidhani lori litafika magharibi. Lilifika alasiri. Jarso aliingia na mama yake akimshika mkono, mzee amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimpa maji ya kunywa. Akaomba mahali pa kutawadha, aswali kabla ya chai.

Nikamwambia, "Bafu liko tayari, Aayo." Nilisema kwa maringo, nakumbuka hata jinsi nilivyoinua shingo. Sikuwa nimesuuza wala kuzibua kidirisha; nilidhani ile harufu kali ndiyo usafi wenyewe.

Alichukua birika la maji akaingia, na kwa sababu alikuwa mwanamke wa heshima, akafunga mlango nyuma yake. Mimi nilirudi jikoni. Nikasikia kikohozi kimoja. Nikasikia cha pili, kisha birika likaanguka. Nilipofungua mlango hewa ilinipiga machoni kama pilipili. Aayo alikuwa amepiga magoti, ameshika ukuta, anatafuta pumzi na haipati. Nilimvuta kwa mikono yote miwili mpaka uani. Macho yake yalikuwa mekundu na yanamwaga maji. Jarso akambeba mgongoni, na pikapu ya jirani ikatupeleka hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana aliyechoka. Aliuliza mgonjwa ana nini. Jarso, ambaye hakujua chochote, alieleza kikohozi cha zamani na safari ndefu. Daktari akauliza kama kuna kitu mama amevuta, moshi au dawa. Jarso akamtafsiria mama yake kwa Kiborana.

Aayo hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Kisha akasema, kwa sauti iliyokatikakatika, kwamba ni vumbi la lori tu na kifua chake cha siku zote.

Alijua, mwanangu. Mwanamke aliyeweza kunusa chombo na kumtambua aliyekiosha angekosaje kujua? Alikuwa ananifunika. Daktari akaanza kuandika dawa za kikohozi, akasema wachukue wakatumie nyumbani, na kama hapati nafuu wamrudishe baada ya siku tatu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilielewa kwamba nikinyamaza tutatoka pale, hakuna atakayejua, na ndoa yangu itabaki salama. Nilielewa pia kwamba kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka vibaya zaidi ya tulipokuwa njiani. Kalamu ilikuwa karibu kumaliza.

Nikasema, "Daktari, si vumbi. Ni mimi."

Nilieleza yote: dawa, ndimu, kitambaa kwenye dirisha. Jarso aligeuka akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Daktari aliweka kalamu chini. Aliuliza dawa ilikuwa kiasi gani, mama alikaa ndani muda gani, na hapohapo akaagiza awekewe hewa ya mtungi na kuoshwa macho. Alisema vitu viwili vile vikikutana vinatoa hewa ya sumu, na madhara yake wakati mwingine huongezeka saa kadhaa baadaye, mtu akiwa amelala nyumbani na wenzake wanadhani anapumzika. Akamlaza wodini.

Siku mbili Jarso hakuniambia neno isipokuwa kuuliza chakula kiko wapi. Nilikuwa tayari nimefunga nguo zangu kwenye leso, nikisubiri kuambiwa nirudi kwa baba yangu kule Garba Tulla. Siku ya tatu nilipeleka uji hospitali, na Aayo, akiwa ameketi kitandani, akapapasa godoro kunionyesha nikae.

"Intala," akaniita, ambayo kwetu ni binti, "hebu niambie. Dirisha uliziba kwa nini?"

Nikamwambia kwamba nilifanya kama tunavyofanya chombo cha maziwa.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na muuguzi akaja kuangalia. "Kumbe ulinifanya chombo," akasema. "Sasa mwanangu atakunywa maziwa gani kwangu, na uzee huu?" Kisha akaacha kucheka. "Chombo tunakifunga kwa sababu ule moshi tutaunywa na maziwa, na haudhuru mtu. Hii yako, ungeiweka kwa maziwa ya mtoto?"

"Hapana, Aayo."

"Basi usiifungie mtu ndani."

Nilimuuliza kwa nini alimwambia daktari ni vumbi. Akasema, "Nilikuonea huruma, wewe mgeni kwetu. Na huruma yangu karibu initie kaburini. Wewe ulisema kweli wakati mimi mkubwa nimedanganya. Hilo nimemwambia Jarso leo asubuhi. Nenda ufungue hizo nguo ulizofunga."

Sijui ni nani alimwambia habari ya leso. Labda hakuna.

Alipotoka hospitali alikaa nasi, na mwezi ule wa kwanza tulifanya kazi pamoja, yeye ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa bafu, mimi ndani. Majivu aliyajua tangu utoto. Ya ndimu nilijua mimi. Bafu la simiti hatukulijua sote wawili, kwa hiyo tulikosea sana. Mara ya kwanza nilitumia majivu yasiyochungwa, bomba likaziba, na Jarso akashinda siku nzima akilichokonoa kwa waya na kutulaumu sote wawili kwa sauti ya chini. Mara nyingine nilichanganya majivu na ndimu, nikaona povu, nikadhani nimegundua jambo kubwa. Povu lilipotulia hakuna kilichosafika. Kila kimoja kilikuwa kimemmaliza mwenzake.

Mwishowe tulijua. Ndimu inakwenda peke yake kwenye ukoko. Unakamua, unapaka, unaiacha muda wa kuchemsha chai na kuinywa, kisha unasugua kwa brashi ya nyuzi za mti wa mkoma na kuosha kwa maji mengi. Ndimu zikiwa ghali, siki inafanya kazi hiyohiyo. Majivu ni ya siku nyingine: ya kuni safi, si ya kuchomea plastiki, yamechungwa kwa leso kuukuu, yakakorogwa na maji kidogo na vipande vya sabuni ya mche. Hayo yanaondoa mafuta ya mwili na utelezi. Paka mafuta mikononi kwanza, maana majivu yanakausha ngozi. Mkaa mkavu ndani ya kikapu, pembeni, unapunguza harufu ya choo. Na kidirisha hakizibwi, hata upepo wa vumbi ukivuma.

Mama Kendi alishangaa ndimu ninazonunua. Alikuwa akiniuliza mbele ya wateja kama chai ya Waborana siku hizi inapikwa kwa ndimu badala ya maziwa. Siku moja alikuja nyumbani kuomba kutumia bafu, akakaa ndani muda mrefu kuliko haja yake. Alipotoka hakutania. Aliniuliza nimefanyaje, nami nikamwonyesha. Baadaye akina mama wa msikiti waliniomba nisafishe mahali pao pa kutawadha, na nimefanya hivyo mpaka magoti yalipokataa. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na hakuna siku nimewahi kusimama mbele ya watu nikapewa cheti. Lakini nimefundisha wasichana wengi mji huu kusafisha bafu, na kati yao wapo wenye nyumba za vigae sasa ambao bado wananipigia simu kuuliza majivu ya mti gani ni bora. Nikikuambia sijivunii nitakuwa mwongo.

Aayo aliishi nasi mpaka uzee wake ukafika mwisho. Tulimzika mwaka huu, mvua zilipokaribia. Wiki zake za mwisho alimwambia Jarso jambo moja ambalo mimi, Habiba, nililisikia nikiwa nje ya mlango. Alisema, "Siku yangu ikifika nioshewe kwenye bafu la Habiba, na Habiba mwenyewe awepo." Jarso akamjibu kwamba bafu ni la kwake, ndiye aliyelijenga. Mama yake akamwambia kujenga ni kitu cha siku moja.

Nililisafisha alfajiri ya siku ya mazishi kabla ya wanawake wengine kufika. Sikuharakisha. Kisha tukamwosha, kwa maji ya majani ya mkunazi, taratibu, na hewa ilikuwa safi. Mengine ya siku hiyo nitabaki nayo mwenyewe.

Mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Usichanganye dawa kali ya dukani na ndimu, wala siki, wala kitu kingine chochote. Kukiwa na kipindupindu au ugonjwa wa kuhara mtaani, majivu yangu hayatoshi, na sitakudanganya kwamba yanatosha. Tumia dawa wanayoelekeza watu wa afya, kwa kipimo chao, peke yake, na madirisha yakiwa wazi. Siku nyingine zote, kitu cha kusafishia nyumba kiwe kitu ambacho unajua kimetoka wapi na kimechanganywa na nani. Usisafishe kwa kumwogopa mgeni, kwa sababu hofu ndiyo iliyonimwagisha beseni zima. Na ukikosea, sema mapema, hata kama aliyeumia mwenyewe anakufunika. Sema kabla kalamu haijamaliza kuandika.

Mola akupe maji ya kutosha na mikono isiyochoka. Akupe mkwe atakayekucheka akiwa amekusamehe tayari. Wazee wako wakae kwako kwa raha na wapumue vizuri, na siku utakapowaaga, uweze kuwatazama usoni bila kuficha kitu. Amin.