Mlango wa Mambrui na Picha Niliyoing'arisha

Yule bwana wa Jilore aliyekuwa akipima vitu kwa kamera amefariki. Habari zilinikuta karakanani kwangu Muyeye nikipiga randa, na sikuiweka chini randa hadi ubao ukaisha, maana sikutaka mafundi wangu wanione uso. Mimi shule niliishia darasa la tatu, na nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii, kwa hiyo wasomi siwababaikii. Huyu nilimdharau waziwazi. Leo nina jambo la kukiri.

Mjane mmoja wa Mambrui alikuwa na mlango wa nakshi uliochongwa na babu yake. Mchwa walikuwa wameula hata ukiugusa unamwagika unga, naye akataka nakala kabla haujaanguka. Bwana yule akaja na kamera yake ya kupima kina, akapima kila ua na kila mfuo, kisha vipimo vyote akavitia ndani ya picha moja ya kawaida kama hizi za simu, ili mashine yangu ya kuchonga iisome. Nilipoiona nilicheka. Kijivu kitupu, kama jivu la jikoni.

"Mzee, hii si ya kutazama," akaniambia. "Palipo peupe pameinuka, palipo peusi pamezama. Kila kijivu hapo ni kipimo. Usiiguse."

"Hata picha yangu ya kitambulisho ina nuru kuliko hii!"

"Usiiguse, mzee wangu."

Nikaigusa. Niliona haya kumwonyesha mjane kitu cha huzuni vile, nikaipeleka studio, nikaagiza ing'arishwe kama ya arusi. Mashine ikatii ilichopewa: maua yakavimba kama mahamri, mifuo ikatoboa ubao hadi upande wa pili. Mjane akapitisha kidole tunduni. "Baba, nilikuagiza mlango, umeniletea chujio?" Na ule wa babu yake ulikuwa umeshabomoka tulipoung'oa.

Nikailaumu mashine. Bwana yule akautazama ubao, kisha akanitazama mimi. "Picha imeoshwa," akasema. "Nani kaiosha?" nikafoka. Akaitoa ile ya kwanza aliyokuwa ameihifadhi, tukachonga upya, na mjane akaupapasa mlango kwa viganja huku akilia. Bwana yule hakumwambia kamwe nani aliyeharibu.

Siku hizi kila kitu tunakipeleka studio. Mgombea anang'arishwa, bwana arusi anang'arishwa, na juzi kule Jilore, kwenye maziko ya bwana yule yule, tukamng'arisha maiti. Mtu alikuwa mweusi tititi, ana kovu kwenye paji la uso. Juu ya jeneza wameweka picha yake, mweupe kama maziwa, kovu hakuna. Mama yake akainama, akatazama sana. "Huyu mnayemzika ni nani?"

Nikasimama mbele ya waombolezaji. "Iondoeni. Leteni ya kitambulisho."

"Lakini mzee, ile ina giza, haipendezi," akasema mmoja wa kamati.

"Hata mimi nilisema hivyo, nikatoboa mlango wa watu."

Ikaletwa. Mama akaweka kidole gumba juu ya kovu, akalitaja jina la mwanawe.

Basi msomaji wangu, kabla hujaling'arisha giza la mtu, jiulize lilikuwa likipima nini. Na siku yangu ikifika, picha yangu isipite studio. Makunyanzi haya nimeyachonga mwenyewe.