Mwezi Gani?

Providence Niyonsaba alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa amefundisha mwaka wa tatu katika shule moja ya msingi ya Kasenga. Asubuhi ile Pontien, mkurugenzi wa shule, alimzuia mlangoni, kando ya ndoo ya maji ya klori.

“Madame, usiingie kwanza,” alisema Pontien. Alikuwa anamtazama kidevu, si macho. “Wazazi wanalalamika. Unajua mambo ya mpox. Wanaona vile vipele, wanaogopa watoto wao.”

“Mkurugenzi, minye niko na vipele hivi tangu miaka mbili. Mpox gani inakaa ku muntu miaka mbili?”

“Lete karatasi ya muganga, iseme haiambukize. Sasa hivi Madame Abigaïl anashika darasa lako.”

Watoto arobaini na wanane walikuwa kwenye mstari wakisikia kila neno. Providence aliondoka bila kuwaaga, na hilo lilimuuma kuliko kidevu.

Na kidevu kilikuwa kinauma kweli. Vipele vyenyewe vilikuwa vigumu, vimejificha chini ya ngozi, vikifuata taya hadi karibu na sikio. Alivipaka limau, vikawaka moto. Alivipaka dawa ya meno. Kisha wifi yake Vanessa akamletea tube ndogo ya krimu kutoka sokoni, akamwambia, “Paka hii, utang’aa kama bibi harusi.” Aling’aa wiki tatu. Baadaye ngozi ikawa nyembamba na nyekundu, na vipele vikarudi na wenzao. Watu nao hawakukosa maelezo: damu chafu, pilipili nyingi, mwanamke mzima ana mambo ya wasichana, lazima kuna kitu amefanya.

Kwenye kituo cha afya alipokelewa na Venant, muuguzi kijana mwenye adabu nyingi, aliyevuta kiti chake nyuma kabla ya kuuliza.

“Madame, vinakuja ku mwezi gani?”

Providence akahesabu kwa vidole. “Mwezi wa kwanza vilikuja. Wa pili vilikuja. Wa tatu, wa ine, wa tano. Hakuna mwezi inaruka.”

“Apana, nasema... mu mwezi.”

“Ndiyo. Mu miezi yote.”

Venant alikohoa, akainama juu ya karatasi, akaandika: *Vipele vya kudumu. Sababu haijulikani. Aangaliwe.*

Shuleni, Pontien aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. “Haijulikani! Wazazi niwaambie nini, Madame? Hapa wanasema uangaliwe. Basi wakuangalie huko huko.”

Providence alirudi kituoni kwa miguu, juani, akiwapita waendesha pikipiki waliokuwa wakimwita apande. Aliupita mlango wa Venant akaingia kwenye chumba cha uzazi. Mkunga Uwituze, mwanamke wa milima ya juu mwenye sauti ya kuitia ng’ombe, ndiye aliyewapokea watoto wawili wa mwisho wa Providence. Aliisoma karatasi mara mbili.

“Alikuuliza nini?”

“Mwezi gani.”

“Na weye ulijibu nini?”

“Miezi yote.”

Uwituze alicheka hadi akashika kitanda. “Mama wee! Alikuwa anauliza mwezi yako. Damu yako! Weye ukamupa kalendari!”

Providence hakucheka. Alitoa mkobani daftari lake la kuandaa masomo. Pembezoni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ametia alama siku alizomwomba Abigaïl amshikie darasa kwa sababu uso unauma. Uwituze akamuuliza siku zake zilianza lini mwezi huu, na uliopita, na ule kabla yake. Kila mara alama nyekundu zilitangulia damu kwa siku tano au sita.

“Unaona? Ni homoni,” alisema Uwituze. “Zinabadilika mbele ya damu, ngozi inatoa mafuta mengi, matundu yanaziba. Inakuja hata ku mwanamke wa miaka makumi ine. Si uchafu, si pilipili, na haiambukize hata umubusu muntu. Ile tube, acha. Ukiiacha uso utachafuka kwanza, usishituke. Osha na sabuni isiyo kali, mara mbili kwa siku. Usikamue. Uko na mimba?”

“Apana.”

“Basi nitakuandikia dawa ya kupaka, kidogo, kila magharibi, taya yote, si ku kipele tu. Hesabu miezi mitatu kabla ya kusema imeshindwa. Na mwezi yako ikianza kurukaruka, ao ndevu zikiota, unarudi haraka. Hiyo ni habari ingine.”

Miaka miwili. Limau, tube, maneno ya wifi. Providence alifunga daftari, akaenda moja kwa moja kwa Venant.

“Kama neno ‘damu’ linakuchoma mu kinywa, utatibu nani?”

“Nilitaka kukuheshimu, Mama.”

“Heshima yako imenitoa mu darasa. Kaa. Andika.”

Akaandika. Uwituze alisimama nyuma yake akimpa maneno, na Providence akakagua kila herufi kama imla ya watoto wake: *Chunusi za mtu mzima zitokanazo na homoni. Haziambukizi. Anaweza kufundisha.* Muhuri ukagongwa.

Kesho yake kidevu kilikuwa kama jana, hata kibaya zaidi. Pontien aliisoma karatasi, akatikisa kichwa, kisha akatoa barakoa mfukoni.

“Sawa, Madame, ingia. Lakini uvae hii mpaka vipone. Juu ya wazazi, wasiogope.”

“Miezi mitatu?”

“Ni kufunika tu.”

Watoto walikuwa kwenye mstari wakitazama. Providence aliipokea ile barakoa, akaikunjua, akamrudishia.

“Vaa weye, Mkurugenzi. Weye ndiye unaogopa.”

Alinawa mikono kwenye ndoo kama watu wote, akaingia, akafuta ubao wa Abigaïl, akaandika tarehe.