Taa Haikumwona Shangazi

Mkisifia jengo letu mbele yangu nikanuna, niacheni. Nina sababu.

Shangazi yangu ndiye aliyekuwa mpokea simu wa ghorofa lile tangu mimi natambaa, na ndiye aliyeniombea kazi ya kupika chai humo. Watu walimwita Bi Halo. Hakujaliwa mtoto, mumewe alishatangulia, na kilichomwamsha asubuhi ni kile kiti chake tu. Alitaka astaafu akiwa amekikalia. Hakutaka kingine.

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Alikaa mle hatikisiki, kama anapigwa picha. Ndivyo walivyofundishwa enzi zao: kiti kikilia, mpigaji anasikia kiti badala ya maneno.

Basi wakubwa wakaamua jengo liwe la kisasa. Sola juu ya paa, vioo vya kuzuia joto, sawa, sina ugomvi navyo. Lakini zile taa! Zinajiwasha zikiona mtu anatikisika, zisipoona zinajizima. Shangazi akipokea simu mbili tatu, giza totoro.

"Shangazi, si upunge mkono tu?"

"Nipunge mkono, nafukuza inzi? Mie niko kazini. Ikitaka kuniona, ifumbue macho."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikiingia na chai taa inawaka, nikitoka inazimika, naye anaendelea gizani na "halo" zake. Mjinga mimi, niliona ni kichekesho.

Kumbe zile taa zilikuwa zinapeleka habari juu kwa meneja. Siku moja akaja na mafundi wa betri za sola, akafungua mlango, taa ikawaka. Akaruka.

"He! Kumbe kuna mtu humu?"

"Kwani simu nani anapokea?" Shangazi akamuuliza.

"Tulijua ni mashine, mama. Kompyuta inasema chumba hakina mtu, ila mara mojamoja anaingia mtu na kutoka. Tukajua ni stoo ya chai, tukaipangia betri."

Mimi nimesimama nyuma yake na sinia. Hasira zilinipanda. Betri zilikuwa zimeshajaa koridoni, na chumba kingine, eti, hakuna. Meneja aliomba radhi, tena kwa adabu zote. Kisha akaagiza hiyo mashine ya simu, ya kweli safari hii.

Siku ya mwisho Shangazi alibeba mto wake wa kiti kwapani. Wapagazi wa betri wakasubiri nje, nami mlangoni. Alisimama katikati ya chumba, hatikisiki, mpaka taa ikazimika. Halafu nikamsikia akivuta pumzi, na taa ikawaka. Mkono wake ulikuwa juu, anapunga, taratibu, huku machozi yanamtoka.

"Haya," akaiambia. "Umeniona sasa?"

Akatoka. Wapagazi wakaanza kuingiza betri, na taa haikuzimika mpaka walipomaliza.