Kengele ya Upande wa Miamba

Watu wa bandarini walimwita Mama Kengele, na wengi walidhani ni kwa sababu ya mdomo wake. Mdomo alikuwa nao, tena si wa kuazima. Lakini jina alilipata kule kisiwani, katikati ya ghuba, ambako mumewe alikuwa mlinzi wa mnara wa taa.

Mnara ule ulijengwa zamani, baada ya meli kupasukia miambani mji mzima ukitazama. Watu wakashangilia, wakasema sasa tumepona. Wapi! Taa haifui dafu mbele ya ukungu, na haikupita miaka mingi meli nyingine ikagonga palepale. Ndipo ikaletwa kengele kubwa, ikatundikwa upande wa miamba, pamoja na mashine ya kuipiga. Manahodha wakaizoea: ukiisikia, nyoosha njia yako, isiposikika tena, ujue miamba umeshaipita, kata kona uingie bandarini.

"Kwa hiyo ukungu ukiingia, kengele hainyamazi," mumewe alimwambia tangu alipomleta pale akiwa bibi harusi. "Hata nikifa, utanizika ukungu ukiondoka."

"Nani akuzike? Utajizika mwenyewe!" akamjibu, wakacheka.

Sasa asubuhi moja mume akavuka na mashua kwenda mjini kumchukua binti yao, aliyekuwa kwa bibi yake. Ndiye mtoto wao wa pekee, waliyemngoja mpaka majirani wakachoka kuuliza. Bahari ilikuwa shwari. Kabla ya adhuhuri ukungu ukashuka, mzito, hata ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako. Mama Kengele akakimbilia mashine. Ikaguna, ikatetemeka, springi ikakatika. Akaibembeleza, akaitukana matusi ya nguoni, haikusikia la mtu.

Akachukua nyundo ya kuvunjia mawe, akaanza kuipiga kengele kwa mikono yake. Mbili, kimya kidogo, mbili tena.

Usione ni kazi ndogo. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Akavua kitambaa cha kichwa akakifunga kwenye mpini. Ila mikono haikumuuma kama moyo. Wako wapi wale? Watakuwa wamebaki mjini, akajipa moyo, yule hana wazimu wa kusafiri ukunguni na mtoto. Lakini alimjua mumewe. Mtu yule hangelala mjini akijua ukungu umeingia, na mashine mbovu ile haina wa kuiangalia ila mkewe.

Honi ya meli ikalia kwa mbali. Ilikuwa meli ya abiria, ile ya kila wiki, ambayo husheheni watu mpaka kwenye ngazi. Akapiga. Na katika kile kimya kidogo akasikia sauti nyembamba kutoka huko ukunguni.

"Mamaaa!"

Nyundo ikamganda hewani. Alijua mara moja: mashua imeingia miambani, na kamba ya kuwarushia iko gatini, chini kabisa. Akaitupa nyundo. Akafika kwenye ngazi, akashuka vidato vya mwanzo. Honi ikalia tena, sasa karibu, na akamwona nahodha kama vile yuko naye: ametega sikio, kengele haisikiki, mkono unakwenda kwenye usukani.

"Mungu wangu, nifanye nini mimi?" akapiga kelele peke yake.

Akarudi. Akaiokota nyundo, akapiga huku analia kwa sauti, kamasi na machozi vikimtiririka, hana mkono wa kujifuta. Mtoto akaita mara ya pili. Akapiga. Baada ya hapo hakuita tena.

Honi ikapita mbele ya kisiwa, ikaenda zake bandarini, naye hakuacha mpaka ukungu ulipoanza kuchanika. Ndipo akaporomoka kuelekea gatini. Na hapo akaiona mashua inakuja, mumewe anapiga makasia, mtoto amekaa mbele ndani ya koti la baharia.

"Meli ilituokota, sisi na mashua yetu!" mume akapaza sauti kabla hata ya kufunga kamba. "Tulipotea kabisa, mke wangu! Tulikuwa humo humo melini. Nahodha anasema kengele ilikatika kidogo, alishaanza kugeuza, mara akaisikia tena!"

Mama Kengele akakaa chini kwenye mawe yaliyolowa, akacheka na kulia kwa pamoja, akamfungulia mtoto mikono.

Mtoto hakuja. Alisimama kando ya baba yake, koti likiburuzika chini.

"Nilikuita, mama. Hukunisikia?"

"Angesikiaje na makelele yale ya kengele?" baba akadakia upesi, akimkonyeza mkewe.

Ilikuwa rahisi kuitikia tu. Mama Kengele akamtazama binti yake.

"Nilikusikia, mwanangu," akasema. "Mara zote mbili."

Mtoto akajibanza nyuma ya miguu ya baba yake.