Mashine ya Kwetu

Ile programu sikuiamini tangu mwanzo. Mimi hutafsiri nyaraka nikiwa nyumbani kwa mama, Mukurweini, na wateja walikuwa wamenichosha: weka msaidizi wa akili bandia, kazi itaenda mbio. Msaidizi mwenyewe hana picha wala vitufe. Unamwandikia kwenye dirisha jeusi la kompyuta, naye anajibu. Tena hana akili yake. Lazima umwonyeshe ataazima akili ya kampuni gani, na kila unachomwambia kinapitia huko.

Na mimi nilikuwa na neno zito la kuuliza. Baba alikuwa amefariki, nami nimeachika, nimerudi kwetu na binti yangu. Nilitaka kile kipande cha shamba cha mtoni, penye migomba na kahawa niliyoipalilia kwa mikono yangu. Lakini kwetu, binti aliyewahi kuolewa akitaja shamba, watu hunyamaza utadhani amevunja sahani.

Kampuni za ng'ambo? Thubutu! Nilisoma masharti yao nikaona ni ujanja mtupu. Nikampigia kaka yangu, mwenye duka la kompyuta Nyeri mjini. Akacheka.

"Ati unapeleka mambo ya boma Ulaya? Mimi niko na mashine hapa dukani, inafanya kazi hiyo hiyo. Weka anwani ya mashine yangu. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

Nikatulia. Ndivyo tulivyolelewa: wa nje mchunge, wa tumbo moja ni wako. Nikafuta kampuni zote kwenye mipangilio, nikaweka anwani ya kaka na ufunguo, yaani neno la siri, alionitumia. Kisha nikauliza: mwanamke aliyeachika akarudi kwao, anaweza kurithi shamba la baba yake? Na binti yake, naye atapata? Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama.

Msaidizi akajibu kwamba sheria haimnyimi binti kwa sababu aliolewa. Nilifurahi, nikaenda kukata majani ya ng'ombe nikiimba.

Jumapili, baada ya kanisa, kaka akaja. Mama akamimina chai. Kaka akasema akikitazama kikombe chake, "Kuna wanawake siku hizi, wakiachika wanarudi kudai shamba. Na ati wanauliza kama binti zao pia watapata."

Lo! Hilo la binti niliiuliza mashine peke yake. Mashine ni yake, dukani ni kwake, na maswali yangu alikuwa akiyasoma yote. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliivaa mwenyewe.

Alipoondoka nikafungua kompyuta nifute anwani yake. Kidole kikasita. Nikaiacha palepale, nikaandika polepole, kaka asije akakosa hata neno moja:

"Kesho naenda kortini Nyeri kudai sehemu yangu ya shamba la baba. Nibebe stakabadhi zipi?"